Nilichangisha fedha za mito ya kukalia, wangu nikautoa

Kidonda changu kilianza kwa kumsubiri mgeni rasmi.

Tulikubaliana saa mbili asubuhi, Kimara. Alifika saa tano na nusu, akiwa na haraka. Muda wote huo mimi nilikuwa nimeshapandishwa kwenye baiskeli, fulana mpya mwilini, helmeti kichwani, na mpiga picha ananisihi nisishuke kwa kuwa jua limekaa vizuri. Muziki unapigwa, watu wanakuja kupiga selfi. Masaa matatu na nusu nimekaa juu ya ubao uliofunikwa kitenge kilichokunjwa mara nne, sijajiinua hata mara moja, na sikusikia chochote. Ndiyo shida yenyewe hiyo. Wewe ukikaa vibaya, makalio yanauma, unahama upande bila hata kufikiri. Mimi kuanzia kitovuni kushuka chini ni kimya.

Safari, kwa baiskeli ya kuzungusha kwa mikono kutoka Dar hadi Dodoma, ilikuwa ya kuchangisha fedha za kununulia mito ya kukalia kwa watu waliopooza. Nimeandika hivyo kwa makusudi, ili usije ukaniita shujaa kabla hatujafika Gairo.

Nilikuwa dereva wa bodaboda. Mwaka 2017, siku ya mvua, kwenye barabara ya Morogoro, kuna Canter ilinibana nikaenda mtaroni. Pingili ya kumi na moja ya kifua ikavunjika na uti wa mgongo ukaumia hapohapo. Sitasimulia hospitali, maana wengi wamesimulia vizuri kuliko mimi. Nitamtaja mtu mmoja tu wa wodini, mgema wa Mkuranga aliyeanguka kutoka juu ya mnazi. Vitanda vyetu vilipakana. Alikuwa na maneno, huyo: wauguzi wakija kumgeuza usiku, kila baada ya masaa mawili, anawaambia, "Bado, bado, upande huu haujaiva." Aliruhusiwa kabla yangu. Akaondoka na kiti mwendo cha msaada, kile cha kitambaa kilichonyooshwa kati ya vyuma viwili, hakina mto. Miezi minane baadaye shemeji yake alinipigia simu. Nikauliza, ni mgongo?

"Hapana kaka, mgongo ulishatulia. Ni kidonda cha makalio. Kilifika mfupani."

Wazo la kupiga pedeli hadi Dodoma lilinijia usiku, kwenye simu, nikisoma habari za watu. Nikakutana na Zachary Kimotho wa Kenya, aliyepooza baada ya kupigwa risasi. Mwaka 2012 alitoka Nairobi kwa kiti mwendo akisema anakwenda Afrika Kusini, na Wakenya wakaombwa wachange shilingi za Kenya milioni 250 za kujenga kituo cha watu walioumia uti wa mgongo ili yeye arudi nyumbani. Mwaka huohuo Spencer West, Mmarekani aliyekuwa akiishi Canada, asiye na miguu yote miwili, alifika kileleni Kilimanjaro, sehemu kubwa ya njia akitembelea mikono, akichangisha fedha za maji safi Kenya. Niliangalia picha zao mpaka chaji ikaisha. Mikono niliiona, mabega niliyaona, jasho nililiona. Makalio hayakuwamo kwenye picha hata moja, na mimi sikujiuliza kwa nini.

Baiskeli niliundiwa na fundi wa kuchomelea wa mtaani kwetu. Alichukua fremu mbili za Phoenix, akaunga, akaweka matairi mawili nyuma na moja mbele, pedeli zikaja kifuani ili nizungushe kwa mikono. Gea tulizitoa kwenye baiskeli ya mtumba niliyoinunua Kariakoo. Jumla shilingi 780,000, zangu mwenyewe, za kuuza pikipiki yangu ile iliyobaki mifupa na kuongezea akiba ya mke wangu ya vitumbua. Ilikuwa nzito kama toroli la maji lakini inakwenda.

Kasoro ilikuwa moja. Nikikalia mto wangu, ule mnene niliotengenezewa na mtaalamu wa fiziotherapia, nilikuwa juu mno, pedeli zikishuka ngumi zinagonga mapaja. Fundi akatazama akasema, "Toa hilo godoro, mjomba." Dawa yake halisi ilikuwa kuinua krenki, yaani mhimili unaoshika pedeli, kwa sentimita kumi hivi. Angenichaji 60,000 na kunikalisha siku mbili. Lakini fulana 200 zilikuwa zimeshachapwa na tarehe juu yake. Nikautoa mto, nikaweka kitenge.

Mazoezi sina la kulalamika. Miezi minane, kila Jumapili alfajiri, Kimara hadi Kibaha na kurudi, kabla malori hayajaamka. Mabega yalivimba mwezi wa pili, nikapumzika wiki tatu, yakazoea. Viganja vilitoka malengelenge mpaka nikapata glavu za mtumba za waendesha baiskeli. Ukitaka kujua mwili wangu ulikuwa tayari kiasi gani, nitakwambia: mikono ilikuwa tayari kufika Dodoma na kurudi. Lakini katika miezi yote ile sikuwahi kukaa barabarani zaidi ya masaa manne mfululizo, wala sikuwahi kukaa siku mbili mfululizo. Nilijipima kwa kilomita. Ningejipima kwa muda wa kukaa, ningegundua mapema.

Sasa fedha. Kwetu tunajua kuchangisha kupitia harusi, kwa hiyo tuliunda kamati kama ya harusi: mwenyekiti, katibu, kundi la WhatsApp, orodha ya ahadi inayobandikwa kila Jumamosi. Ahadi zilifika 11,300,000. Nililala usingizi mzuri sana wiki hiyo. Katika hizo kulikuwa na 2,000,000 za kampuni moja, sitaitaja, iliyonikabidhi hundi ya kadibodi yenye urefu wa meza mbele ya kamera. Hundi hiyo ninayo mpaka leo, tumeizibia dirisha la banda la kuku. Hundi ya karatasi haikuja.

Zilizoingia mkononi kweli ni 6,140,000, pamoja na za fulana 38 tulizouza. Matumizi yalikuwa hivi: fulana 1,800,000, kukodi Noah ya kunisindikiza, dereva na mafuta 1,120,000, chakula na nyumba za kulala wageni 540,000, bango, muziki na viti vya siku ya uzinduzi 410,000. Piga hesabu mwenyewe. Katika kila shilingi mia uliyonitumia, sitini na tatu ziliishia kunisafirisha mimi na kunipamba. Wakati ule sikuipiga hesabu hiyo, kwa sababu fedha zote zilikuwa zinaingia kwenye namba yangu ya simu, zikichanganyika na za mtu aliyenitumia 5,000 "ya maji, kaka", na za mama wa jirani aliyekuwa ananilipa deni la vitumbua.

Tuliondoka Julai, kusi inavuma. Walionishauri mwezi huo walijua wanachofanya: jua halina makali, na kutoka Pwani kwenda Dodoma upepo unakusukuma mgongoni. Siku ya kwanza, kwa ule uchelewaji, tulifika Mlandizi giza limeingia. Kabla ya kufika, nimesimama pembeni nikinywa maji, bibi mmoja alitoka kwenye meza yake ya matunda, akanitazama, akaniwekea sarafu ya mia tano mapajani. "Chukua mwanangu, ukanywe chai." Nilikasirika. Nilitaka kumwambia mimi si ombaomba, mimi ni mwanamichezo, kuna gari na bango pale nyuma. Mdogo wangu, aliyekuwa anaendesha Noah, akaiokota ile sarafu akasema, "Shikamoo bibi, ahsante sana," akaiandika kwenye daftari. Ndiyo ikawa fedha ya kwanza kuandikwa na mtu zaidi yangu. Nimeifikiria sana. Yule bibi alitoa hapohapo, alichokuwa nacho, bila kamera. Neno ombaomba nililibeba mimi mwenyewe kutoka nyumbani.

Vigwaza pale kwenye mizani ndipo utajua barabara hii ni ya nani. Ni ya malori yanayokwenda Rwanda, Burundi na Congo. Semitrela ikikupita, kwanza inakusukuma kwa upepo, halafu inakuvuta kuelekea matairi ya nyuma. Kwenye baiskeli iliyo chini vile dereva hakuoni. Tuliweka bendera nyekundu juu ya fimbo ya mita mbili, na Noah ikawa nyuma yangu na taa za hazadi. Usipokuwa na gari nyuma, usiingie njia hii. Hapo siwezi kukuambia ubane matumizi.

Chalinze niliamka na homa. Nilikuwa nakunywa maji kidogo ili nisisumbuke na mpira wa mkojo barabarani, nikachukua maambukizi. Wenzangu wa mgongo wanalijua hili, na bado kila mmoja wetu hulifanya akiwa safarini, kwa aibu tu ya kutafuta mahali pa kujisitiri. Kunywa maji. Beba mipira ya kutosha, sabuni, na shuka la kujizibia. Vidonge vilinikalisha Chalinze siku moja, kisha tukaendelea: Mdaula, Bwawani, Mikese, na siku ya sita tukaingia Morogoro milima ya Uluguru ikiwa imefunikwa na mawingu na watu wa Msamvu wananipigia honi.

Morogoro ndipo mke wangu alipokuja kutuunga mkono. Usiku akinisaidia kuoga akanyamaza. Nikamuuliza kuna nini.

"Hapa pameiva, baba watoto. Kama embe lililoanguka."

Upande wa kulia, palepale mfupa wa kukalia unapogusa. Nikamwambia ni baka la kitenge. Akaniletea simu, akapiga picha, akanionyesha: duara jeusi kuliko ngozi inayolizunguka, linang'aa, kubwa kama sarafu ya bibi wa Mlandizi. Vijikaratasi vingi vya mafunzo vinakwambia uangalie wekundu. Wekundu kwenye ngozi yetu unauona wapi? Angalia weusi uliozidi, au zambarau. Pitisha mgongo wa kiganja, uone kama pana joto kuliko upande wa pili. Bonyeza, uone kama pamekuwa pagumu au panabonyea kama unga uliokandwa. Na ukishaondoka kwenye kiti, baada ya nusu saa kama alama bado ipo, usikae tena mpaka ifutike. Usikae kabisa. Lala kifudifudi. Ningelala kifudifudi Morogoro kwa siku tano, sita, pengine stori ingeishia hapo.

Kesho yake nilikuwa na mahojiano ya redio na kundi la wanafunzi linasubiri kuniaga. Nikapanda baiskeli. Mke wangu hakugombana nami mbele za watu. Alikunja khanga mbili akaziweka juu ya kitenge, akaenda kukaa ndani ya Noah akatazama dirisha la upande wa pili.

Kutoka Dumila kwenda Gairo barabara inapanda. Ukiwa ndani ya basi husikii sana, dereva anashusha gea tu. Mimi nilipanda kwa siku mbili. Kuna sehemu nilikuwa nazungusha pedeli mara tatu, navuta breki, napumua, nazungusha tena mara tatu. Mdogo wangu anatembea nyuma akiwa na jiwe mkononi, nikisimama analiweka chini ya tairi. Jasho lilikuwa linashuka mgongoni na kuingia kwenye suruali, nayo suruali, nadhani nilikuwa sijaitaja, ilikuwa ya jinzi yenye mifuko ya nyuma na mshono mnene katikati. Watoto wa vijiji vya njiani walikuwa wananisukuma wakiimba. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo tangu 2017, siwezi kudanganya. Nilipoiona Gairo kule juu, na baridi yake, nililia.

Halafu nikasikia harufu. Nikadhani kuna panya amekufa mtaroni. Tukasogea mita mia mbili, panya bado yupo. Nikaelewa.

Tuliishia Gairo. Kilomita zilizobaki hadi Dodoma zilikuwa kama 130. Daktari wa zahanati tuliyoikuta alifunua, akafunika, akasema, "Nani alikuruhusu ukae?" Sikuwa na jibu la kumpa mwenye koti jeupe. Nilirudi Dar nimelala kifudifudi kwenye siti ya nyuma ya Noah, kichwa kikining'inia, nikizihesabu fulana zilizobaki sakafuni.

Miezi minne kifudifudi. Kula kifudifudi, kupokea wageni kifudifudi. Kusafisha kidonda kila siku kwa maji ya chumvi ya hospitali na kukipakia gozi, kile kitambaa chepesi cha vidonda, mtu mwingine ndiye anayekifanyia, na mtu huyo ni mke wako, kwa hiyo vitumbua havikaangwi. Mwezi wa pili tulikuwa hatuna fedha ya gozi. Kwenye simu yangu kulikuwa na 2,270,000 za mito.

Nilichukua 350,000.

Sikumwambia mtu. Nilijiambia mimi ni mmojawapo wa walengwa, kidonda ni kilekile, nitarudisha. Yote yalikuwa kweli, na bado nilifunga WhatsApp kwa siku tatu kwa woga. Aliyegundua ni mwalimu mstaafu wa mtaani ambaye kamati ilimwomba awe mhazini baada ya safari kukatika. Alikuja na daftari, akakaa kwenye kigoda karibu na kichwa changu ili tuonane macho, akaniuliza mara moja tu. Nikamwambia. Hakunifokea. Akaandika kwa herufi zake za ubaoni: "Mkopo kwa mwendesha baiskeli, 350,000." Akapiga picha ukurasa mzima, mapato na matumizi yote, zikiwemo zile fulana, akautuma kwenye kundi.

Watu 41 walitoka kwenye kundi jioni ile. Mmoja kabla ya kutoka aliandika: "Kumbe taasisi yenyewe ni makalio yako." Nilicheka mpaka mke wangu akadhani nimepandwa na homa. Baada ya kucheka nikalia. Lakini waliobaki, ambao ni wengi zaidi, walianza kuuliza maswali ya maana kwa mara ya kwanza: mto mmoja ni bei gani, nani anashona, nani anapewa. Tulikuwa tumezunguka na bango miezi mingi na hakuna aliyewahi kuuliza mto ni bei gani.

Bei ni 45,000. Fundi magodoro anakata sponji mbili, ngumu chini, laini juu, na kwenye ile ngumu anachimba nafasi mbili pale mifupa ya kukalia inapotua. Mtaalamu wa fiziotherapia alimfundisha kwa kunikalisha mimi juu ya unga wa sembe uliotandazwa, ili aone alama. Tulishona 50 kwa awamu hiyo. Mkopo niliurudisha kwa kuuza fulana kwa bei ya dekio, watu wa gereji walizichangamkia, na nyongeza akatoa mke wangu.

Safari ya pili, Julai iliyofuata, ilianzia Gairo palepale nilipoishia. Krenki imeinuliwa, 60,000, siku mbili. Mto wangu chini yangu. Bukta ya mpira isiyo na mfuko. Hakuna uzinduzi, hakuna fulana, hakuna mgeni rasmi. Barua tatu tu, serikali ya mtaa, polisi wa usalama barabarani na ofisi ya wilaya, na nakala za kutembea nazo. Gari lilikuwa bajaji ya rafiki, imefungwa bendera na taa. Michango iliingia kwenye lipa namba ya kikundi. Mwalimu na katibu ndio waliokuwa wanatoa, mmoja bila mwenzake hawezi, na kila usiku jumla ilitumwa kwenye kundi hata kama ni shilingi 4,000.

Kwenye simu niliweka alamu ya jogoo kila baada ya dakika ishirini. Jogoo akiwika nasimama, nainama mbele mpaka kifua kinagusa mapaja, nakaa hivyo dakika mbili nzima. Kujiinua kwa mikono sekunde tano halafu ukarudi chini, kama nilivyokuwa nafanya zamani mbele ya wauguzi, hakutoshi, damu haijarudi. Shida ya kuinama barabarani ni kwamba watu wanadhani umezimia. Pandambili lori lilisimama, utingo akashuka mbio na chupa ya maji. Mtanana nilizungukwa na watoto wa shule waliotaka kujua nafanya nini. Nikawaambia nahesabu hadi mia na ishirini. Wakahesabu wao, kwa sauti, wote, walipofika mia wakaongeza kasi, mwalimu wao akawarudisha tisini. Kijiji kizima kilijua ni lini nitainua kichwa.

Kilomita 130 kwa siku tano. Ni mwendo wa konokono, na kila usiku mke wangu alipiga picha ya makalio na kunionyesha kabla sijala. Kibaigwa wafanyabiashara wa mahindi wa lile soko walichangishana kwenye debe, tukahesabu 212,000 juu ya gunia. Buigiri nilipumzika nusu siku kwa kuwa kulikuwa na kijialama. Kilifutika. Dodoma tuliingia Ihumwa saa tisa alasiri, tukala chipsi mayai, tukatafuta pa kulala.

Awamu ya pili iliingiza 3,480,000, zaidi kidogo ya nusu ya ile ya kwanza. Matumizi 610,000. Zilizobaki 2,870,000, yaani zaidi ya awamu ile iliyokuwa na muziki na hundi ya kadibodi. Mito 40, na fedha iliyobaki tukanunua mipira ya mkojo.

Kovu langu ni laini kama karatasi ya sigara, na ngozi ya kovu haina nguvu ya ile ya kwanza; wataalamu wameniambia hivyo na nimeliona mwenyewe. Kuna siku linafanya jeusi bila sababu, nalala kifudifudi siku mbili, mipango inasubiri. Mwaka huu kuna watu wananitaka niende Mwanza. Nimewauliza kwanza nani atashika fedha, halafu siku zitakuwa ngapi. Walinitajia tarehe ya uzinduzi.

Wiki iliyopita nilipigiwa na kijana wa Kibaigwa, mmoja wa waliopata mito ya awamu ya pili. Alitaka kujua unafuliwaje. Nikamwambia afue foronya tu, sponji asiiloweke, aianike kivulini upande ule mgumu ukitazama juu, na kila baada ya miezi michache aibonyeze kwa ngumi aone kama bado inarudi.

"Inarudi," akasema. "Na kovu lako, kaka, linaendeleaje?"

Nikamwambia asubiri kidogo, jogoo anawika.